Naishi Paje, nataka jina la tovuti la .de na la .it: nitaruhusiwa?

*"Assalaam alaykum kaka. Nina nyumba ya wageni ya vyumba saba hapa Paje. Wageni wangu wengi ni Wajerumani, wanafuatiwa na Waitaliano. Tovuti yangu iko kwenye .co.tz na haina tatizo, lakini wageni kadhaa wameniambia kwao watu huamini zaidi anwani inayoishia na .de. Nataka kuchukua .de na .it. Fundi aliyenitengenezea tovuti anasema asiye na paspoti wala kampuni ya Ujerumani haruhusiwi, ila ana rafiki yake Hamburg atakayeniandikishia kwa jina lake kwa euro 180 kwa mwaka. Na kwa .it, shemeji yangu, mume wa dada yangu, yuko Bologna mwaka wa kumi na mbili sasa, amesema ataniandikishia kwa jina lake bure. Je, nikubali? Na nikishanunua, yatakuwa yangu kabisa?"*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana unachokiogopa wewe na ninachokiogopa mimi ni vitu viwili tofauti. Wewe unaogopa Wajerumani watakukatalia. Mimi naogopa hao watu wawili unaotaka kupitia kwao, hata kama wote wana nia njema.

Nianze na jibu lenyewe usije ukalisubiri hadi mwisho. Jina la .de unaweza kulisajili wewe mwenyewe, kwa jina lako au la biashara yako, ukiwa hapo hapo Paje, bila paspoti ya Ujerumani, bila kampuni ya Ujerumani na bila rafiki wa Hamburg. Jina la .it huwezi kulisajili kwa jina lako ukiwa Mtanzania unayeishi Tanzania. Anaweza kulisajili shemeji yako, lakini akilisajili litakuwa lake. Na hata hilo la .de halitakuwa "lako kabisa" kwa maana unayoifikiria, nami nitakueleza kwa nini.

Fundi wako nisingependa umwone tapeli haraka hivyo. Anachokisema kina asili yake. Hadi mwaka 2018, mtu wa nje aliyetaka .de alitakiwa kumtaja mtu mwenye makazi Ujerumani awe mwakilishi wake kwenye usajili. Ndipo biashara ya kuazimana anwani za Berlin na Hamburg ilipopata mizizi, na watu wakajifunza kwamba bila mtu wa huko hakuna kitu. Sharti hilo limeondolewa, ila maelezo ya zamani bado yamejaa mtandaoni, na fundi anayesoma ukurasa wa miaka kumi nyuma atakuambia kwa moyo safi kitu ambacho hakipo tena. Euro 180, hata hivyo, ni bei ambayo angetakiwa kuichunguza kabla ya kukuletea. Jina la .de kwa wasajili wengi halifiki hata euro 20 kwa mwaka.

Sasa, kwa nini .de ifunguke kwako na .it ifungwe, wakati nchi zote mbili ziko Ulaya na wageni wao unawapokea kwa kahawa ile ile?

Zile herufi mbili za mwisho hazikubuniwa na watu wa intaneti. Zimetoka kwenye orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, ISO 3166: DE ni Deutschland, IT ni Italia, TZ ni sisi, KE ni Kenya. Mwaka 1994 Jon Postel, Mmarekani aliyekuwa akisimamia ugawaji wa majina hayo, aliandika waraka unaotajwa hadi leo, RFC 1591. Ndani yake alisema kwamba anayekabidhiwa kifupisho cha nchi ni mdhamini tu. Kakabidhiwa amana kwa niaba ya watu wa nchi ile na ya jamii nzima ya watumiaji wa intaneti. Kwa hiyo kila nchi ikawa na rejista yake, yaani daftari kuu la majina, na kila rejista ikaandika masharti yake. Ya Ujerumani inaitwa DENIC, ni ushirika wenye makao Frankfurt. Ya Italia iko Pisa, chini ya taasisi ya utafiti ya serikali. Yetu iko hapa hapa nchini. Hakuna sheria moja ya dunia inayosema mgeni aruhusiwe au asiruhusiwe.

Ndiyo maana utakuta Uholanzi na Uswisi wamefungua milango wazi, yeyote aingie. Kenya nao hawakuulizi uraia ukitaka .co.ke. Ukienda Norwe, wao wanataka namba ya usajili wa kampuni ya Norwe au namba ya utambulisho ya mkazi, basi. Marekani kwa .us wanataka uwe raia, mkazi wa kudumu, kampuni ya huko, au uwe na shughuli za kweli nchini mwao. Kanada wanadai uraia au ukazi, ila mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa kwao anaweza kupata jina linalobeba alama hiyo. Italia wameamua .it iwe ya watu na taasisi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya pamoja na majirani kama Uswisi, San Marino na Vatikani. Mkazi wa Bologna yumo. Mkazi wa Paje hayumo. Hawajakudharau, wamechora mstari wao tu.

Turudi kwenye .de, maana ndiyo inayokufaa.

DENIC hawauzi sana moja kwa moja kwa watu kama wewe. Unapitia kwa msajili, yaani kampuni inayopokea maombi, inayochukua pesa na kukuandika kwenye daftari. Wako wengi, wa Ujerumani na wa nje, na fomu zao nyingi zina Kiingereza. Unafungua akaunti, unatafuta jina kama liko wazi, unajaza taarifa za mwenye jina, unalipa kwa kadi. Kama huna kadi ya benki, kadi pepe zinazotolewa na mitandao yetu ya simu hukubaliwa na baadhi yao. Jina mara nyingi linaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe iko kwenye kile kisanduku cha "mwenye jina". Hapo nakuomba utulie. Kama biashara yako imesajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, andika jina kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Kama haijasajiliwa, andika jina lako kama lilivyo kwenye paspoti au kitambulisho. Baruapepe iwe yako mwenyewe, na isiwe ya jina hilo hilo unalolisajili, kwa sababu siku jina likizimika na baruapepe inazimika nalo, na barua za kukuonya hutaziona. Wengi hukosea hapo.

Halafu anwani. Sisi tumelelewa na S.L.P., lakini kwa .de sanduku la posta halitoshi. Wanataka mahali ambapo mtu anaweza kuletewa barua mkononi. Hili zamani liliwasumbua wengi wetu, maana nyumba ilielekezwa kwa mwembe na msikiti. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, una jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi. Kama kibao hakijafika kwako, nenda kwa sheha akutafutie taarifa zako, kisha uziandike zile zile kwenye fomu. Usiandike anwani ya Hamburg ili uonekane wa huko. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 maelekezo ya usalama wa mitandao yanayozitaka rejista na wasajili kuhakiki taarifa za wenye majina. Utaandikiwa uthibitishe, na usipojibu, au ikionekana ulidanganya, jina linaweza kusimamishwa.

Kuna jambo moja la DENIC ambalo mgeni lazima alijue. Mtu akikushtaki kuhusu hilo jina, au mamlaka ikiwa na barua rasmi ya kukufikishia, DENIC wanaweza kukutaka umtaje mtu aliye Ujerumani wa kupokea nyaraka kwa niaba yako, nawe una wiki mbili tu za kufanya hivyo. Siku ya kusajili hutakiwi kumtaja mtu yeyote. Ila fikiria mapema ungemtaja nani: mwanasheria, au mgeni wako wa miaka mingi unayemwamini na aliyekubali. Ndiyo nafasi pekee ambayo mtu wa Hamburg angeweza kuwa na faida, na haimhitaji awe mwenye jina.

Nikuambie kwa nini nang'ang'ania hilo la mwenye jina.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatwa na mama mmoja wa mjini Unguja mwenye ofisi ndogo ya ziara za viungo. Alinipa simu yake bila kusema neno. Kwenye kioo ilikuwa anwani yake ya tovuti, ile aliyoitumia miaka sita, lakini badala ya picha za karafuu na hiliki kulikuwa na matangazo ya kamari. Tukaanza kufuatilia. Jina lilikuwa limeandikwa kwa fundi aliyemtengenezea tovuti, kwa baruapepe ya fundi, kwa kadi ya fundi. Yule kijana alikuwa amehamia nje ya nchi, kadi ile akaifunga, onyo za kulipia zikaenda kwenye baruapepe asiyoifungua tena. Jina likaisha muda, likarudi sokoni, likachukuliwa na mtu asiyejulikana. Kijana tulimpata, akasikitika kwelikweli, lakini hakuwa na cha kufanya. Aliyelichukua alitaka dola 2,000. Mama akakataa. Nilipokwenda ofisini kwake wiki iliyofuata nilimkuta kijana wa rangi amechuchumaa nje akikwangua herufi za ile anwani kwenye mlango wa gari, moja baada ya moja, kwa wembe. Kilichomuuma zaidi mama yule ni barua za wageni. Waliokwishaweka nafasi walikuwa wakimwandikia kwenye baruapepe ya jina lile, na hatukujua zinamfikia nani.

Hakuna aliyemwibia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye daftari lile jina lake halikuwemo.

Kwa .de tahadhari inatakiwa iwe kubwa zaidi, kwa sababu huwezi kuchungulia. Zamani ungeweza kufungua daftari la umma ukaona jina la mwenyewe. Tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika, DENIC wanaficha taarifa hizo kwa watazamaji wa kawaida. Fundi akikuambia "nimekuandika wewe", utaona tu kwamba jina limechukuliwa, hutaona limechukuliwa na nani. Mwenye jina ana haki ya kuwaomba DENIC taarifa zilizoandikwa juu yake. Kama tayari una jina lililosajiliwa na mtu mwingine kwa niaba yako, fanya ombi hilo. Vinginevyo, njia rahisi ni akaunti ya msajili iwe yako toka siku ya kwanza, nenosiri unalo wewe, na fundi unampa ruhusa ya kurekebisha mambo ya kiufundi. Fundi mzuri hatakasirika. Wengi watashukuru, maana kuwalipia wateja majina kila mwaka ni mzigo.

Sasa tuje Bologna, na hapa naongea kwa upole kwa sababu ni mambo ya kifamilia.

Shemeji yako hafanyi kosa akisajili .it kwa jina lake. Anaishi Italia, ana sifa. Anayeweza kukosea ni wewe, ukidhani kuwa ameshika jina lako kama anavyoweza kukushikia funguo. Mbele ya rejista ya Pisa, mwenye jina ni yeye. Akihama Italia kwenda nchi isiyo kwenye orodha, na hana uraia wa huko, sifa imeondoka. Akifariki, Mungu amweke, jina linakuwa jambo la warithi wake. Yeye na dada yako wakitofautiana, sitaki hata kuendelea. Na siku mtakapotaka kulihamishia kwako, rejista itakataa, kwa sababu wewe huna sifa. Yaani hata akitaka kwa moyo wote kukurudishia, hana njia ya kukurudishia.

Usidhani hili la sifa kuondoka ni nadharia. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, majina ya .eu ya watu na kampuni za Uingereza zisizo na uraia wala ofisi ndani ya Umoja yalisimamishwa tarehe 1 Januari 2021. Tovuti zikazimika, baruapepe zikakatika. Mwaka mmoja baadaye yakafutwa, na wengine wakaruhusiwa kuyachukua. Walikuwa wamelipia na hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa tu hawamo tena ndani ya mstari. (Kwa faida yako: tangu Oktoba 2019 raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anaweza kushika .eu hata akiishi Paje. Kama mke wako au mshirika wako wa biashara ana paspoti hiyo, mlango huo upo, ila hapo pia jina litakuwa la mwenye paspoti.)

Zipo kampuni zinazouza huduma ya kukushikia jina: zinakuazima sifa zao, wao wanaandikwa, ninyi mnasaini mkataba kwamba utalitumia wewe. Kwa mtu mwenye kampuni kubwa na mwanasheria wa kuusoma mkataba, inaweza kuwa na maana. Kwa vyumba saba, sikushauri. Utalipa mara kadhaa ya bei ya jina lenyewe kila mwaka, na kampuni ikifungwa unabaki na karatasi. Kudanganya kwamba unaishi Roma sina haja ya kukujadilia. Rejista ikitaka vielelezo huna, na jina linafutwa.

Ningekuwa wewe, .it ningeiacha. Ningetengeneza ukurasa mzuri wa Kiitaliano ndani ya tovuti niliyo nayo, kwenye anwani yako ya .co.tz ukiongeza /it mwishoni. Mwitaliano anayetafuta mahali pa kulala Paje anataka kusoma lugha yake, kuona bei kwa euro, na kupata jibu la haraka kwa WhatsApp. Hilo .it haliwezi kulifanya badala yako. Kama moyo umeshaingia na unaitaka .it kwa vyovyote, basi shemeji asajili, muandikiane karatasi mbele ya mwanasheria inayosema nani analipa, nani anatumia, na nini kitatokea mojawapo ya yale niliyoyataja likitokea. Na uitumie kama njia ya kando tu, inayompeleka mgeni kwenye tovuti yako ya .co.tz. Baruapepe ya kupokea nafasi usiiweke kamwe kwenye jina lisiloandikwa kwako.

Uliuliza kama litakuwa lako kabisa. Wewe ni wa Unguja, kwa hiyo mfano unao nyumbani. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, unachokishika ni haki ya kuitumia. Unaweza kujenga, kurithisha, kuhamisha kwa utaratibu, lakini udongo wenyewe hukuununua. Jina la tovuti liko hivyo hivyo: ni haki ya kulitumia kwa muda uliolipia, kwa masharti ya nchi yenye herufi zile. Mwaka 2010 huduma ya kufupisha anwani iliyotumia jina la vb.ly ililipoteza jina lake kwa sababu rejista ya Libya iliona yaliyomo yanapingana na sheria za nchi. Wenyewe walikuwa mbali na Libya, walipenda tu zile herufi mbili. Na nchi yenyewe inaweza kubadilika. Wasomaji wetu wa Congo wanalijua hili: Zaire ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 1997, kifupisho kikawa CD, na .zr ikaondolewa kabisa kwenye mfumo mwaka 2001. Ujerumani siitilii shaka ya namna hiyo. Nakutajia ili nyumba yako kuu ibaki kwenye .co.tz, ambako masharti unayaweza na ofisi iko nchini.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo hukuliuliza ila linakuhusu: usihamishie kila kitu kwenye .de. Google inaisoma .de kama ishara kwamba tovuti imelengwa kwa watu wa Ujerumani. Itakusaidia kwao, lakini Mkenya, Mfaransa au Mtanzania anayetafuta hataona faida hiyo. Na .de haimaanishi kompyuta inayohifadhi tovuti iko Ujerumani, wala haikupi haki yoyote ya kibiashara huko. Weka kwenye .de kurasa za Kijerumani tu, zilizoandikwa na mtu anayekijua, si za kutafsiriwa na mashine. Ongeza ukurasa unaoitwa Impressum, wenye jina lako halisi, anwani, simu na baruapepe. Wajerumani wameuzoea, sheria yao inaudai kwenye tovuti za biashara, na mgeni asipouona huanza kushuku. Kwa kuwa unawalenga watu walio Ulaya, sheria yao ya taarifa binafsi inakufuata hata ukiwa Paje. Eleza kwa ufupi unachukua taarifa gani za mgeni na unazifanyia nini. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka mambo ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo utakuwa umefanya kazi moja kwa faida mbili.

Kuhusu jina lenyewe. Mjerumani huandika Sansibar, kwa S. Najua utavutiwa kuliweka neno hilo, na ni wazo zuri la kibiashara, lakini nenda taratibu. Kwenye kisiwa cha Sylt, kaskazini mwa Ujerumani, kuna mgahawa maarufu sana uitwao Sansibar, unaolitumia jina hilo kama chapa yake hadi kwenye nguo na chupa. Jina la nyumba yako likifuatwa na Paje litakuweka mbali na ugomvi zaidi kuliko neno Sansibar likisimama peke yake au likiambatana na maneno ya chakula na vinywaji. Tafuta pia kwenye daftari la alama za biashara la Ujerumani, linapatikana bure mtandaoni, uone kama jina la nyumba yako halijashikwa na hoteli nyingine.

Mambo haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe kwa jioni mbili. Yapo ambayo usiyafanye peke yako. Ukipokea barua ya mawakili wa Ujerumani inayokutaka uache jina, ulipe gharama na usaini ahadi kabla ya tarehe fulani, usisaini na usiinyamazie. Barua hizo huitwa Abmahnung. Nyingine zina haki, nyingine zinatisha tu, na muda wake ni mfupi, kwa hiyo itafutie mwanasheria wa Ujerumani wiki hiyo hiyo. Ugomvi wa .de huamuliwa na mahakama za huko. Ule utaratibu wa usuluhishi unaotumika kwa .com haupo. Mkataba na shemeji, au na mshirika yeyote, uonyeshe mwanasheria hapo mjini ukiwa na karatasi mkononi, uso kwa uso. Na kama fundi wako tayari amelisajili jina kwa yule rafiki kabla hujapata jibu hili, mwombe kwa maandishi alihamishie kwako na akupe nambari ya siri ya kuhamishia, ambayo huombwa kwa msajili. Wengi hutoa wakiombwa vizuri. Akikataa, peleka mazungumzo yenu yote ya WhatsApp na risiti kwa mwanasheria kabla hujaanza kugombana naye.

Mwisho, tarehe. Ada ya jina hukatwa kila mwaka siku ile ile uliyosajili. Ukisajili Aprili, kila mwaka ada itakukuta kwenye masika, nyumba tupu, na kadi pengine haina kitu. Kwa .de, jina likifutwa una siku 30 za kulirudisha kupitia msajili, kwa ada ya ziada inayoweza kuzidi ile ya mwaka mzima. Sajili Julai au Agosti, vyumba vyote saba vikiwa vimejaa, ili kila mwaka msajili akikata ada akute pesa kwenye kadi.